Sare ya Maneno: Safari ya Kumfuata Kalunde Kariakoo

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza. Anayesoma huku anatafuna, aache kutafuna. Nawaandikia safari yangu ya Dar es Salaam, zamani zile za Mwingereza, nilipokwenda kuamua kesi isiyokuwa na hakimu. Mnajisifu kwamba mnajua lugha mbili tatu na sarufi zake mmezipasi. Vizuri. Mimi sarufi nilikutana nayo uani, kati ya ndoo na masufuria, na nilikuwa na haja nayo kuliko ninyi. Bila hiyo ningempoteza mkamwana wangu pamoja na mjukuu aliyekuwa tumboni mwake.

Mwanangu Salumu alikuwa mfanyakazi wa reli. Walimpeleka Tabora, na huko akaoa binti wa Kinyamwezi, jina lake Kalunde, kutoka vijiji vya ndani kabisa, mbali na stesheni. Kisha wakubwa wake wakamrudisha Dar es Salaam, akaja na mkewe. Hazikupita siku nyingi, dereva wa lori la nazi akasimama mlangoni kwangu Maneromango, hata moto hakuzima.

"Bi Mkubwa, Salumu anasema uje. Mkewe anataka kurudi kwao. Haendi bombani, hali, hasemi."

Nikamwuliza, "Kampiga?"

"Hapana."

"Kaleta mwanamke mwingine?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Wanawake wa pale wanamcheka anavyosema Kiswahili."

Nikasonya. Kuchekwa tu? Nami nimechekwa mengi ujanani na sikurudi kwetu. Nikamwambia dereva akipita tena asipige honi, atanikuta njiani.

Alfajiri ya safari nilibeba muhogo, nazi na kuku mmoja mkaidi, nikakaa mbele na dereva. Kwenye mchanga tulisukuma. Wanaume walisukuma, mimi niliwaambia wapi pa kusukuma. Kisarawe tukanywa chai. Tulipoanza kushuka vilima vya Pugu nilikuwa nimekwisha panga hotuba yangu yote kichwani: binti, mke hatoki kwa mumewe kwa sababu ya vicheko vya bombani. Niliiona hotuba nzuri sana. Shukuruni kwamba sikuitoa.

Adhuhuri tukaingia Kariakoo. Salumu alipanga chumba mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na ua mmoja nyuma ambao wapangaji wote hupikia. Kalunde alinipokea mzigo, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo Mama." Nikaitika marahaba. Basi. Nilipoingia chumbani nikaona nyuma ya mlango, kwenye msumari, kifurushi cha nguo kimefungwa fundo. Nguo za mtu anayengoja gari la moshi.

Jioni tulikula pamoja, na hapo ndipo nilipoanza kuona. Kalunde alijikaza kunisimulia jambo.

"Mama, jana nimeona batu babili..."

Salumu akamkata. "Watu wawili."

"Watu wawili... banabeba..."

"Wanabeba! Si nimekwambia?"

Binti akainamia ugali. Wale watu wawili mpaka leo sijui walibeba nini. Nikamtazama mwanangu nikasema, "Salumu, hadithi yangu umeila." Akadhani natania.

Asubuhi Kalunde aliniamkia kwa kwao: "Mwangaluka." Nikamwuliza Salumu maana yake. Akasema ni salamu ya kuamka, na mtoto mwenzako ungemwambia "wangaluka" tu, lakini mtu mzima husalimiwa kana kwamba ni wengi.

"Mimi niko peke yangu," nikasema.

Kalunde akajibu yeye mwenyewe, polepole: "Mama si mmoja."

Wanangu, nilikaa na neno lile. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, wao wanaiweka kwenye hesabu. Mtu aliyeletewa salamu ya namna hiyo hawezi tena kusema kwamba aliyeitoa hajui kusema.

Nikachukua ndoo, nikamwambia twende bombani. Akatikisa kichwa, nikamwambia sikuuliza.

Pale bombani alikuwapo jirani yetu wa chumba cha mbele, Bi Tatu, Mzaramo mwenzangu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alipomwona Kalunde akapiga kelele: "Batu babili bamekuja! Mtumwa wangu huyo, lete ndoo!" Akamnyang'anya ndoo mikononi, akakinga maji yake. Wanawake wakacheka. Kalunde akageuka, akarudi nyumbani mikono mitupu, na mgongo wake ulikuwa unalia hata kama uso haulii.

Nami nikajua kosa liko wapi.

Ninyi wa siku hizi pengine hamjui. Wanyamwezi na sisi Wazaramo ni watani toka enzi za misafara. Mtani hukutukana, huchukua chako, na huna ruhusa ya kukasirika. Unamtukana nawe, unachukua chake. Ni undugu huo. Bi Tatu alikuwa anamkaribisha binti! Lakini Kalunde alikulia ndani, kwao utani na watu wa pwani ni habari za mababu waliokwenda na kurudi. Yeye aliona matusi na wizi.

Nikamvuta Bi Tatu pembeni. "Mwenzangu, yule hajui kwamba ninyi ni watani."

Akashika kiuno. "Hajui? Mimi nimemtukana tangu alipofika, nikachukua kanga yake na ndoo yake, hajanirudishia hata tusi moja! Nikasema huyu ana maringo, anatuona hatufai. Dada yangu, hata mimi nimelala na uchungu."

"Rudisha ndoo."

"Sirudishi. Aje aichukue. Nikimrudishia kwa huruma nitakuwa nimemfanya mgeni. Na Ijumaa namwoza binti yangu. Mtani asipofanya vituko harusini kwangu, nitamhesabu si mtani."

Alikuwa na haki. Na mimi nisingeweza kumfundisha Kalunde matusi. Mama mkwe na mkamwana wana heshima yao, hawataniani. Nikarudi polepole.

Njiani niliingia dukani kwa Lalji, Mhindi wa kona, kununua sukari. Alikuwa akiwahudumia watu wengi: "Kikombe iko. Sahani iko. Mama, sukari iko." Kila kitu kwake ni iko, na hakuna aliyemcheka. Nikamwuliza kwa nini vitu vyote anavivika nguo moja.

Akacheka. "Mama, nyinyi neno iko na watoto mingi, kila mtoto nguo yake. Kwetu kitu iko mume, iko mke. Rotli, mkate nyembamba, hiyo mke. Rotlo, mkate nene, hiyo mume."

"Na maji?"

"Maji hapana mume, hapana mke. Iko katikati."

"Kwetu mume na mke wote ni yeye," nikamwambia. "Ukitaka kujua ni yupi, utazame."

"Tena kwetu mtu anasema: mimi chai nakunywa. Kunywa inangoja nyuma."

"Basi chai yenu hupoa," nikamwambia, na watu dukani wakaangua kicheko. Yeye akacheka kupita wote, huku anapima sukari. Nikaitazama ile mizani. Mtu huyu hachekwi akaumia, kwa kuwa sukari iko mkononi mwake. Kalunde mkononi mwake hamna kitu, hata ndoo.

Mchana nikamkalisha uani, nikapanga vyombo mbele yake. Nikamwambia: "Kalunde, unajua harusini wanawake huvaa sare? Kanga za namna moja, ili ajulikane nani yuko upande wa nani. Maneno ya Kiswahili yanavaa sare. Kikombe changu kikubwa kimevunjika. Umeona? Kikombe ndiye bibi harusi, na wote wanaomfuata wamevaa nguo yake."

Akafikiri. Kisha akanyoosha vidole: "Banhu babili." Akagusa kifua, "Kwetu nao sare."

Niliinuka nikakaa tena. Kweli! Munhu, banhu, ndivyo wasemavyo wao. Na kwetu Uzaramo husema munhu, wanhu. Aliposema batu babili, sare ilikuwa imekamilika toka kichwani hadi miguuni, hakuna aliyevaa tofauti. Kitambaa tu ndicho cha kwao. Nikamwita Salumu nikamwambia, "Mkeo hakosei kushona. Amenunua kitambaa duka lingine. Kuanzia sasa akisema, funga mdomo mpaka afike mwisho."

Kisha nikampa Kalunde habari za utani. Alinikodolea macho.

"Mama, nikichukua kitu chake, si mwizi?"

"Usipochukua ndiyo mbaya."

Hapo nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Alasiri zile kabla ya Ijumaa tulikwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, mahali penye nafasi, wapita njia wengi lakini hakuna anayekujua. Nilikaa kwenye majani nikampa mgongo, maana mama mkwe hapaswi kusikia. Yeye akasimama nyuma yangu akiutukana mti mmoja kwa jina la Bi Tatu. Alianza kwa sauti ya panya. "Ndoo yangu..." Akarudia. "Ndoo zangu. Mdomo wako. Midomo yenu!" Alipovika neno nguo isiyo yake sikugeuka wala sikumkata, nilikohoa tu, akatafuta mwenyewe. Wapita njia walidhani sisi ni wendawazimu wawili. Siku ya mwisho mti ule ulitukanwa vibaya sana, na mimi nilikuwa nimeuma ncha ya kanga nisicheke.

Ijumaa, baada ya swala, ua ulijaa. Wali ulikuwa umeiva, sufuria kubwa limeepuliwa, wageni wamekaa mikekani. Bi Tatu akaja kupakua na hakuuona upawa. Akatazama huku na huku.

Kalunde alikuwa amekalia mfuniko wa sufuria, juu ya gunia alilokunja, upawa begani kama askari na bunduki.

Nikaona Salumu anafungua mdomo pale mlangoni. Nikamtazama, akaufunga.

"Mnyamwezi," akanguruma Bi Tatu, "ondoka hapo, watu wana njaa!"

"Watu gani?" Kalunde akasema. "Sufuria hili langu. Mfuniko huu wangu. Upawa huu wangu. Na wewe wangu! Babu zangu walibeba mizigo kutoka Ujiji mpaka hapa pwani. Mizigo yote waliishusha, ukabaki mmoja, mzito, una mdomo. Ndiyo wewe! Njoo nikubebe nikakubadilishe kwa chumvi Uvinza."

Mtu mmoja akapiga kigelegele. Bi Tatu machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mtani hakubali mapema. "Chumvi gunia ngapi, mtumwa wangu?"

"Kijiko kimoja," akasema Kalunde. "Tena kisichojaa."

Jamani! Wanawake walianguka juu ya wanawake. Vigelegele vilitoka uani vikaenda mpaka barabarani. Lalji aliyealikwa akauliza jirani yake, "Nini iko? Nini iko?" na hakuna aliyeweza kumjibu kwa kucheka. Bi Tatu alikimbia chumbani kwake akarudi na ndoo, na ndani ya ndoo kanga imekunjwa vizuri na nyingine mpya juu yake. Akaviweka miguuni pa Kalunde, akapiga magoti na unene wake wote.

"Nimeshindwa, bibi yangu. Tupe wali."

Kalunde akainuka, akafunua sufuria, mvuke ukamfunika uso. Akainua upawa. "Haya! Batu bote benye njaa, baje!"

Alikuwa ameipenda nguo ya kwao akaivaa makusudi. Na ua mzima, wale wale wa bombani, wakaitika kwa sauti moja, "Batu tumekuja!"

Jumamosi nilipoamka, msumari wa nyuma ya mlango ulikuwa mtupu. Nguo zote zilikuwa kambani uani, zimefuliwa, zinapepea katikati ya nguo za Bi Tatu. Kalunde hakuwapo. Alikuwa bombani, na sauti yake niliisikia kabla sijafika ukumbini.

Asubuhi ile ile nikapanda lori. Kuku mkaidi alikuwa ameliwa, muhogo umeliwa, nikarudi na sukari ya Lalji na chumvi aliyonifungia Kalunde, kijiko kimoja, kwenye kijikaratasi. Tukipanda Pugu nikawaza. Mnyamwezi ana kitambaa chake, Mzaramo chake, Mhindi anawapanga mume huku na mke huku na maji katikati, na Mswahili kila ukoo na sare yake. Hakuna lugha nimeiona inatembea uchi. Anayesema vibaya mjini amevaa vizuri mahali fulani, na huko ukienda wewe ndiwe utakayechekwa. Lakini mpe kwanza cha kushika mkononi, ndipo mchekane.

Jioni nikafika Maneromango. Watoto, wakaza wana na wajomba wakanizunguka wanataka habari. Sikukaa hata kitako. Nikawaambia: "Kalunde atakuja kujifungulia hapa. Kabla hajafika, kila mtu wa nyumba hii awe anajua kumwamkia kwa kwao, na akisema, asikatwe neno. Asiyeijua ile salamu, mtoto hamshiki."