Neno Nililolisikia Vibaya

Kwa karibu miaka miwili nilikwenda kila asubuhi kumhudumia mzee mmoja pale Edmonton, Londoni, aliyekuwa amefiwa na mkewe. Kazi yangu ndiyo hiyo: kuogesha na kulisha wazee majumbani mwao, dakika arobaini na tano, kisha mbio kwa mwingine.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama atapenda kikombe cha chai. Neno "cup" nikalitamka "kap". Akacheka mpaka akakohoa.

"Na wewe wameshakufundisha Kilondoni," akasema. "Kwetu ni kup."

Alizaliwa kaskazini kabisa mwa Uingereza, karibu na Newcastle, akaja huku kijana kutafuta kazi ya ujenzi. Miaka hamsini Londoni, na ulimi wake haukuwa umehama. Basi kwake lilikuwa bus, vile vile ambavyo mama yangu kule Voi angelisoma neno hilo herufi kwa herufi. Nyumba ilikuwa huus. Mjini, tuun. Nikamwambia u yake ni u yetu ya Kiswahili, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yetu wakati wa kumnyoa: mimi natamka neno la Kiingereza tunavyolitamka Kenya, yeye ananipa la kwao, kisha tunamsikiliza mtangazaji wa televisheni na kumcheka sote wawili.

Asubuhi moja hakucheka.

"Tangu mke wangu afe," akaniambia, "hakuna anayesema nami hivi. Hata mwanangu anaongea kama watu wa hapa."

Nikaendelea kumnyoa. Binti yangu mwenyewe namsemesha Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza cha Edmonton.

Kisha akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mdomo umepinda, maneno yamebaki machache. Moja alilirudia kila nikimgeuza kitandani, akinikamata mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Yem," anasema. "Yem."

Mimi nikasikia "him", yaani yule. Nikajua anamuulizia mwanawe.

"Anakuja Jumapili," nikamwambia polepole. "Jumapili atakuja."

Akatikisa kichwa, akalisema tena kwa nguvu, machozi yakimlengalenga. Nikarudia jibu langu, na mama mwingine ananisubiri mtaa wa tatu. Nikamfunika blanketi, nikaondoka. Tulikwenda hivyo siku nne.

Alifariki Ijumaa.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alinifuata nje kunishukuru. Nikamwambia, nikidhani namfariji, kwamba baba yake alimwita mpaka mwisho.

"Alisema nini hasa?" akauliza.

Nikalitamka kama alivyolitamka yeye: "Yem." Akaitazama njia ya kokoto.

"Hakuwa ananiita mimi," akasema. "Kwao, hilo ndilo 'home', nyumbani. Alikuwa anataka kwenda nyumbani, kule kaskazini."

Nikamwomba msamaha, nikamweleza jinsi nilivyokuwa nikimjibu Jumapili, Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi ningemwelewa," akasema. "Lakini sikuwepo."

Watu wake walikuwa wakimsubiri garini. Hakwenda. Tulibaki tumesimama pale nje, kila mmoja akitafuta namna ya kumpa mwenzake pole, mpaka dereva akapiga honi.