Sindano Iliyonifuata

Siku ninayoirudia mara nyingi kichwani, mwanangu, ni Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1996. Ilikuwa yapata saa sita na nusu mchana, huko Kakuma. Nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya Mwalimu Majok, nikimtazama akifunua kurasa za ripoti yangu ya maabara mmoja baada ya mwingine, huku akitabasamu. Nilidhani anatabasamu kwa kupendezwa.

Nakuandikia haya kwa sababu ya jambo ulilonieleza kwa simu wiki iliyopita. Ulisema umejiandikisha katika kozi ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao, kozi ya umeme, sumaku na mwanga, nami nilifurahi hadi nikasimama. Kisha ukaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba vipimo vya maabara havikusumbui kwa kuwa majibu yake hupatikana tayari. Nikaketi tena. Kozi hiyo niliisoma mimi, mwanangu. Wakati wangu haikuja kwa mtandao. Ilikuja kwa posta, katika bahasha za kaki, na nilizifuata Lodwar mjini kwa miguu kutoka Nawoitorong nilikokuwa nikiishi na mama mkwe wangu.

Unajua kwamba nilichelewa kusoma. Niliingia darasa la kwanza mwezi Januari 1976, nikiwa na miaka kumi na minne, na watoto niliokaa nao dawati moja walinifika kwenye kiwiko. Mume wangu alinikuta ningali mwanafunzi, akanioa, na akaniacha niendelee. Alifariki tarehe 9 Novemba 1993. Kufikia mwaka huo wa 1996 nilikuwa nikifundisha shule ya msingi bila cheti, na kozi ile ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari. Kila jaribio lilipaswa kutiwa sahihi na mtu mwenye shahada ya somo hilo. Niliyemjua ni mmoja tu, Mwalimu Majok, mkimbizi kutoka Sudan aliyewahi kufundisha huko kwao, na wakati huo akifundisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ripoti ya sumaku ilikuwa lazima iwe posta kabla ya Ijumaa ya tarehe 28 Juni. Ikichelewa, mwaka wangu mzima ulikuwa umepotea.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza. Unalaza dira chini ya waya, unapitisha umeme wa betri katika waya huo, na sindano ya dira inageuka. Unaongeza umeme, sindano inageuka zaidi. Unaandika imegeuka nyuzi ngapi. Dira niliyotumiwa ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda, hivyo nililazimika kuinama sana ili niisome. Nilifanya jaribio mara tano sakafuni mwa chumba changu, na sindano ilinipa majibu matano tofauti. Hata nilipokata umeme, haikurudi kaskazini. Niliona aibu. Nilijiambia kwamba hili ndilo watu walilolisema, kwamba mwanamke aliyeanza shule na matiti kifuani hawezi kupimana akili na chuo kikuu. Basi nikafungua kijitabu cha kozi kwenye mfano uliokwisha fanywa, nikazichukua namba zile, nikapunguza nusu nyuzi hapa na kuongeza nusu nyuzi pale, kisha nikazinakili kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilipata nafasi katika lori la kwenda Kakuma, mbele pembeni ya dereva. Sijaisahau safari ile. Jua lilipopanda, barabara iliyokuwa mbele yetu ilianza kugeuka maji. Mgunga mmoja ulisimama ukiwa na kivuli chake juu chini, kana kwamba umepandwa ukingoni mwa ziwa, na ngamia watatu walipita juu ya ziwa hilo bila kulowa. Tuliposogea, maji yalisogea. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimesoma katika kijitabu cha mwanga kwamba hewa ya moto iliyo karibu na ardhi huupinda mwanga, hata tukaona mbingu chini ya miguu yetu. Nilijua kwamba ninatazama mbingu, na bado koo langu lilitamani kunywa. Nilisinzia macho yakiwa wazi. Ilionekana kwangu kuwa dunia yote imekubali kuwa laini siku hiyo, na kwamba hata namba zangu zingeteleza zipite.

Mwalimu Majok alifunga ripoti.

"Mama Mwalimu," akasema, "hii namba iko na adabu sana."

"Adabu vipi?"

"Hakuna moja imekosea njia. Mimi nimepima hii kitu miaka kumi na mbili, na wanafunzi wengi, na hakuna siku sumaku imenipenda hivi. Wewe ulimpikia nini?"

Nilimwambia kwamba nilipima kwa uangalifu. Hakubishana nami. Alitoa dira yake kwenye mtoto wa meza, akaiweka chini kwenye mchanga nje ya darasa, mbali na mabati, akaniambia niisome. Niliinama.

"Sasa rudi nyuma, Mama."

Nikarudi. Sindano ikageuka.

"Njoo tena."

Nikainama, nayo ikaja upande wangu. Ilinifuata kama mbuzi anavyoufuata mkono wenye chumvi. Alinitaka niweke kando funguo, nikaziweka. Akanitaka nivue saa, nikaivua. Sindano haikujali. Ndipo macho yake yalipopanda hadi shingoni mwangu, na akacheka kwa sauti, akijipiga paja.

"Ya Mama! Kumbe sumaku ni wewe!"

Shingoni nilivaa alagama, ile pete ya shingo anayovishwa mwanamke wa Kiturkana siku ya ndoa yake. Walio wengi huvaa ya shaba au ya alumini, na vitu hivyo havimsumbui mtu wa dira. Yangu ilifuliwa kwa chuma, kwa kuwa mume wangu alitaka kitu kisichopindika kwa urahisi. Alipokufa, walikuja watu wa ukoo kuniambia kwamba mjane hana haja nayo tena. Niliwafukuza. Niliapa mbele yao kwamba pete ile itatoka pamoja na kichwa changu. Kwa hiyo, Mwalimu Majok aliponiambia kwa upole niivue tu, nipime upya, nilisimama na kukusanya karatasi zangu.

"Siivui."

"Basi mimi siandiki jina langu hapo."

"Kwa sababu ya pete?"

"Hapana, Mama. Pete haikuniambia uongo. Sindano pia haikuniambia uongo. Hapa wako watatu na wawili wamesema kweli."

Maneno hayo nilirudi nayo hadi Nawoitorong, na barabarani sikuyaona tena maji wala ngamia. Kilichoniuma ni kwamba vipimo vyangu vitano vya kwanza, vile nilivyovionea aibu, vilikuwa vya kweli. Sindano ilikuwa imenipa habari sahihi kabisa juu ya chuma kilichokuwa karibu nayo. Ni mimi niliyemwamini mwandishi wa kijitabu, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba changu, kuliko macho yangu mwenyewe.

Siku ya pili yake, baada ya ibada, mama mkwe wangu alinikuta nimeketi bila kugusa chakula. Alikuwa mzee mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyejenga nyumba nyingi za makuti. Nilimsimulia yote, hata lile la kunakili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema tumbaku.

"Watu wa ukoo mzima uliwashinda kwa matusi," akasema, "halafu Msudani mmoja mwembamba anakutoa machozi?"

"Nikiivua, nitakuwa nimemwacha."

"Mwanangu alikuoa shingo peke yake? Mbona alikuwa anakuwashia taa usome? Sogea hapa."

Alinishika kwa nguvu, akaingiza vidole pande zote mbili za mwanya ulio mbele ya pete, akavuta. Chuma kilikataa. Akavuta tena, akimtaja mwanawe kwa jina na kumlaumu kwa kuchagua kitu kigumu hivyo. Nilipiga kelele, naye akacheka, na pete ikafunguka.

"Ukimaliza masomo yako niite nikufunge tena," akasema. "Mimi sina safari."

Shingo yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilihisi kichwa kinapanda chenyewe. Nilitoka na shingo tupu mchana ule mweupe, mbali na mabati, hadi kwenye mchanga wa mtoni ambako hakuna chuma wala mtu. Nikalaza dira chini ya waya. Sindano ilitikisika kidogo, kisha ikatulia ikielekea kaskazini, na nilipopitisha umeme ikageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa usingizini. Nilikata, ikarudi. Nilipitisha tena, ikageuka pale pale. Sijui nilikaa huko muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilizungumza na mume wangu, na kwamba sikuwa na huzuni.

Niliandika majedwali mawili: la kwanza la vile vipimo vitano vya awali nikiwa na alagama, la pili nikiwa sina. Chini yake nikaeleza kwa sentensi nne nilichokuwa nimekifanya hapo awali na kwa nini. Mwalimu Majok alitia sahihi Jumamosi ya tarehe 22, na bahasha ikaingia posta Jumatatu ya tarehe 24. Iliporudi mwezi Septemba, msahihishaji alikuwa amenipunguzia alama kwa kukiri kunakili, akanipunguzia nyingine kwa kutochora mchoro wa mahali nilipokaa. Nilipita, lakini kwa shida. Nimefundisha fizikia miaka ishirini na mitatu kwa cheti kilichotokana na alama hizo.

Basi sikiliza, mwanangu. Usichukue namba ambayo hukuiona. Kipimo chako kikitofautiana na kitabu, usikimbilie kujidharau, wala usikimbilie kulidharau jaribio. Jitazame kwanza wewe uliyeinama juu yake, uulize umekuja na nini mwilini na moyoni. Ukikigundua, kiweke kando kwa muda unaohitajika, hata kama ni kitu unachokipenda. Na ukiwa umekwisha kudanganya, andika hivyo kwa kalamu ile ile, uikubali hasara yake. Futa vipimo ulivyonitajia, uvipime upya wiki hii.

Mungu akupe macho yasiyoogopa kile yanachokiona. Akupe mwalimu atakayekataa kukutilia sahihi, na ndugu atakayekucheka huku akikushika mkono. Utakapoketi kwenye mtihani wako, utulivu uwe juu yako, na nyumbani kwako kusikose maji wala amani.