Warigia na Kahawa Ambayo Hakuwahi Kuionja

Mpwa wangu Warigia amekuwa kwenye meza za kiwanda chetu cha kahawa, huku Nyeri, miaka ishirini na miwili. Kazi yake ni kuinama na kutoa punje mbaya: iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika, inayonuka siki. Vidole vyake vinadonoa kuliko kuku. Lakini ukimuuliza kahawa ina ladha gani, hajui. Sisi huku tunakunywa chai ya maziwa, kahawa tunawaachia watu wa mbali. Mjuzi ni mimi peke yangu, kwa sababu niliosha vyombo katika hoteli moja Nanyuki miezi minane, na aliyeosha birika la kahawa miezi minane huyo ni profesa.

Mwaka huu magoti ya Warigia yalikataa. Akitoka kazini anaingia kitandani akishika ukuta. Ndipo akapigiwa simu na Sahro, mwenye hoteli nyingine Nanyuki, aliyesikia sifa za vidole vyake na alikuwa akitafuta mtu wa kumkaangia kahawa kila wiki.

"Nitakuja Jumatano nionje," Sahro alimwambia. "Ikinifaa, hutainama tena kwa meza ya mtu. Isiponifaa, kuna mkaangaji mwingine kule Kutus."

Jumamosi Warigia akaniita. Alikuwa amenunua debe la punje mbichi, zilizokobolewa.

"Anko, mbichi naijua. Ya kukaangwa ndiyo inanishinda. Nitajuaje nzuri?"

"Umeuliza mtu wa maana," nikamwambia. "Chagua kubwa. Kubwa ndizo AA, daraja la juu, hata mtoto wa nasari anajua. Halafu ukaange mpaka zing'ae mafuta kama kipara cha pasta."

"Na hizi?"

Alikuwa ameshika punje ndogo za mviringo. Tunda la kahawa huwa na punje mbili zilizolaliana, lakini mara moja moja linazaa moja tu, mviringo kama njegere.

"Hizo ni za kuku," nikasema.

Hakunisikia. Akazichambua moja moja, akisema zinatoshana, kwa hivyo zitaiva pamoja. Mimi nikajichotea kubwa zangu.

"Anko, hiyo iko na tundu."

"Moto utaliziba."

Kila mtu akakaanga kwa jiko lake. Zangu zikatoka nyeusi, zinameta, na paka akahama nyumba. Zake alizitoa zikiwa rangi ya mandazi.

"Umeogopa moto," nikamcheka.

"Zilinukia kama mkate. Singengoja zinukie moshi."

Jumatano Sahro alifika, akakaa, wala hakutazama mng'ao wangu. "Mlikaanga lini?"

"Jumamosi," Warigia akajibu.

"Sawa. Imepata siku za kupumua baada ya moto, ladha imetulia."

Akachukua punje yangu moja, akaigeuza mwangani. "Hii imeliwa na mdudu." Tukasaga, tukachemsha, kila moja na sufuria yake. Alipoonja yangu alifunga macho kama mtu anayeomba.

"Mzee, hii ni kahawa ama umesaga makaa?"

"Ni kahawa ya wanaume."

"Basi wapelekee wanaume."

Akaonja ya Warigia. Warigia alikuwa akipangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. Sahro akanywa tena, kisha akamsukumia kikombe.

"Warigia, onja na wewe."

Warigia alikunja uso mapema, kama anayemeza dawa ya malaria. Akanywa, na uso ukakunjuka.

"Iko na kitu kama uchachu mtamu wa matunda damu," akasema polepole. "Na haidai hata sukari. Kwani hii ndiyo tumekuwa tukipeleka miaka hii yote?"

"Ndiyo hii," Sahro akasema. "Niletee kilo kumi kila wiki. Na mzee asikaribie jiko."

Jumatatu Warigia alipanda kiwandani, akarudisha aproni yake, kisha akaagiza gunia lake la kwanza kama mteja, msimamizi akimtazama mdomo wazi. Siku hizi anachambulia nyumbani, ameketi juu ya kiti chenye mto, miguu ameinyoosha, na kikombe kando yake.

Mimi sisemi kwamba kazi hiyo ni mimi niliyempatia. Lakini jiulize mwenyewe: bila kahawa yangu, Sahro angelinganisha ile ya Warigia na nini?