Yowe la Maji ya Kifundoni

Juzi pale mwaloni Mwigobero, boti zinapopakia abiria, kijana wa boti alinivalisha jaketi la kuelea lenye filimbi. "Bibi, usipulize ovyo, hiyo ni ya hatari tu." Nikacheka. Hatari yenyewe nani anaipima?

Nilikuwa mdogo, tunatoka sokoni na mama, mtumbwi unanuka dagaa. Maji yakaingia mpaka vifundoni mwa miguu. Mama akavua kitenge, akakipunga. Watu wa mtumbwi wa mbali wakatupungia na wao, nami nikawapungia kwa furaha, nikijua tunasalimiana.

"Mama Wegesa, unaniaibisha," nahodha akasema. "Bado hatujazama."

"Tukishazama nitampungia nani, sangara?"

Mama akanyakua debe la kutolea maji, akaligonga kwa kasia na kupiga yowe, lile tunalopigaga ng'ombe wakiibwa. Hilo kwetu halifanani na salamu. Wale wakageuza, wakatufikia maji yakiwa magotini.

Nahodha alinuna mpaka mwaloni. Mimi nami niliona aibu baadaye, maana nilidhani ng'ombe wetu wameibwa kweli.

Basi juzi tumeondoka kidogo tu, nikasikia maji yananigusa kifundo. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zote.

"Bibi, bado!"

"Ndiyo maana napuliza."