Nilimwambia Mama Dineo Amimine Chai

Admin, usiweke jina langu wala mtaa ninaokaa, maana sisi waongea Kiswahili wa Johannesburg tunafahamiana. Mimi ni mama wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Morogoro. Mume wangu ni Msauzi. Tulikutana akiwa mkimbizi kwetu, na kwao kulipofunguka mwaka 1994 nikamfuata na watoto wawili, tukapanga fleti Joubert Park. Baadaye nikapata kazi ya ukatibu Marshalltown, kwenye kampuni iliyonunua mashamba nje ya mji na kujenga nyumba za kuuza.

Haya yalitokea kama miaka tisa baada ya sisi kuja. Kampuni zilikuwa zinahimizwa kuwashirikisha weusi, na bosi wetu, mzungu nitakayemwita Pieter, akaleta mtaalamu wa kutufundisha. Yule mtaalamu akasema kila mkutano mkubwa uanze kwa kuwataja wenyeji wa ardhi tunayojenga, na kila mfanyakazi, hata mfagizi, apewe nafasi ya kusema. Pieter akanigeukia. "Hayo maneno utayaandika wewe, na mkutano ujao utauongoza wewe. Wewe ni Mwafrika, mambo haya unayajua." Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni mgeni hapa na sijui lolote. Nikaitikia tu. Nilikuwa nimefurahi kuonekana.

Nikamwendea Mama Dineo, mama wa makamo aliyekuwa akitupikia chai, nikamuuliza kama anajua nani walikaa kwenye lile shamba jipya la kampuni. Akaketi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona ameketi pale ofisini. Akaniambia, "Tulikaa sisi." Alikuwa na miaka tisa malori ya serikali ya makaburu yalipokuja kuwahamisha. Walipewa asubuhi moja tu kufungasha. Bibi yake na mdogo wake mchanga walikuwa wamezikwa pale, kando ya mipichi minne, na makaburi yao yalizungushiwa mawe. Alinitajia majina yote, ya waliokufa na ya waliohamishwa, nami nikaandika. Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, siku hiyo niache niyataje mwenyewe. Na uwaombe wasichimbe pale mpaka tuwatoe watu wetu." Nikamwahidi.

Pieter alipoisoma karatasi yangu alisema ni nzuri sana, imemgusa. Halafu akachukua kalamu akakata sehemu ya makaburi, akakata na majina. "Tukiyataja haya kazi itasimama mwaka mzima. Wenye fedha zao wanakuja kusikiliza. Unanielewa?" Nikasema namwelewa. Sikubishana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Hakunitisha, hakuniambia nitafukuzwa. Nilikubali tu, nikarudi mezani kwangu nikaichapa upya.

Siku ya mkutano Mama Dineo alikuja na nguo zake za kanisani, akavaa aproni ya kazi juu yake. Alisimama karibu na toroli la chai. Nilisoma kwamba tunawaheshimu watu waliokuwa hapa kabla yetu. Walipiga makofi, mama mmoja wa kizungu akafuta machozi. Halafu nikauliza kama ilivyopangwa, "Kuna mwenzetu yeyote mwenye la kuongeza?" Mama Dineo akaweka birika chini, akapiga hatua moja mbele. Pieter akanitazama. Nami nikasema, kwa ile sauti ya upole ya ofisini, "Mama, tusaidie chai, wageni wanasubiri."

Akarudi kwenye toroli. Kisha akachukua birika, akaanza kumimina, kikombe kimoja kimoja, hadi akafika kwangu. Hakumwaga hata tone.

Baada ya miezi miwili nilipewa cheo cha kusimamia ushirikishwaji, na chumba changu mwenyewe. Mama Dineo alikwenda shambani Jumapili moja na binti yake, wakakuta matingatinga yameshapita, mipichi haipo, hakuna hata jiwe. Jumatatu akaja ofisini kwangu na kuomba ile karatasi niliyosoma. Nikampa. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaniuliza, "Watu waliokuwa hapa. Watu gani?" Akaikunja, akairudisha mezani, na tangu siku hiyo hakurudi kazini.

Nimestaafu sasa. Hadi leo huwa naitwa kuzungumza na vijana kuhusu kuheshimiana kazini, na naenda.

Mwezi uliopita binti wa Mama Dineo alinipata kwa simu. Mama yake yuko hai, ni mgonjwa, na anataka liwekwe jiwe moja tu katikati ya zile nyumba, lenye majina. Wenye nyumba wanasema hakuna ushahidi kwamba pale palikuwa na makaburi. Anaomba mtu wa kampuni aliyejua aandike barua. Aliongea kwa heshima sana. "Mama anasema wewe ulikuwa mtu mzuri, labda unakumbuka." Nikamjibu nitafikiria.

Sijawaambia jambo moja. Wiki tuliyofika nchi hii, kabla hata ya kutafuta nyumba ya kupanga, mume wangu alitupeleka kutafuta kaburi la mama yake, aliyefariki yeye akiwa uhamishoni. Tulizunguka siku tatu na watoto. Tulipolipata alilala kifudifudi juu ya udongo, na mimi ndiye niliyemwinua. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua kaburi ni nini kwa mtu.

Nikiandika barua hiyo, mume wangu ataisoma. Hajui lolote, na watoto wangu hawajui; kwao mimi ni mama aliyewatetea wanyonge ofisini. Na Mama Dineo hana muda mrefu. Nawaomba msinipambe wala kunifariji, niambieni tu: nianze kwa mume wangu au kwa Mama Dineo, na nikifika mbele yake, neno la kwanza liwe lipi?