Babu Alivyotoka Kwenye Picha

Vijana wa kanisani kwetu hapa Tunduma wana mambo. Juzi juzi walikusanya picha za zamani za mji huu, zile za enzi ya Mwingereza, wakazibandika kwenye kuta za ukumbi, kisha wakatuita wazee twende tukaone. Nikajikongoja hivyo hivyo na mguu wangu mbovu. Nikaliona duka la Mhindi, lenye sakafu ya saruji ambayo sisi watoto tulikuwa tukiingia kuulizia chumvi ili tu tuikanyage kwa miguu mitupu. Nikaliona kanisa lilipokuwa bado la nyasi. Nikaliona na lile gogo lililozuia barabara mpakani, askari kasimama kando yake na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mji wote ulikuwa ndio huo. Ukipiga chafya dukani, askari wa mpakani alikusikia.

Karibu na mlango nikaikuta ya kwetu. Mwanamke mzee, mwanamke kijana, mtoto mwenye kipara, na katikati yao kiti kitupu chenye kofia na fimbo. Chini yake kijana mmoja ameandika kwa mwandiko mzuri: Familia iliyofiwa na baba. Nikamwuliza, nani kafiwa? Akasema, bibi, si unaona kiti kitupu? Nikamwambia huyo mwenye kipara ni mimi, na mwenye kiti siku hiyo alikuwa mzima wa afya, yuko nyuma ya nyumba ananusa ugoro. Picha yenyewe aliileta mjukuu wa shangazi yangu, aliyeikuta sandukuni na hakujua habari zake. Basi nikavuta benchi nikawaeleza. Acha nikueleze na wewe, maana wale walinisikiliza nusu, nusu nyingine walikuwa kwenye simu zao.

Kwetu kulikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kuelekea kijiji cha Mpemba. Nyumba ya udongo, nyasi juu, na uani kihenge cha ulezi. Asubuhi tuliamshwa na jiwe la kusagia: mama amepiga magoti anasaga ulezi, anaimba chini chini kwa Kindali, lugha ya kwao, na unga unanukia mpaka kitandani. Mvua za kwanza zikinyesha bibi alinichukua porini kuokota uyoga na kuchimba kikande, vile viazi vidogo vya mwituni. Alivitwanga pamoja na karanga, akavipika kwa magadi mpaka vikashikana, vikawa vya kukatwa kwa kisu. Ukila kikande hukumbuki nyama. Siku hizi wanangu hukinunua kwa akina mama wa ng'ambo ya mpaka, kimefungwa kwenye nailoni, na hakina ladha ile. Au ulimi wangu ndio umezeeka, sijui.

Babu alikuwa mrefu na mpole, na alipenda kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija na maji ya moto. Alikuwa amebatizwa, ndiyo, lakini bibi alisema maji ya ubatizo hayakufika kooni.

Sasa sikiliza jambo hili, maana bila hilo hutaelewa kitu. Mama alitoka milimani Itumba, na huko kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, hawaonani kwa macho. Babu akitaka kupita uani alikohoa kwanza, na mama aliacha kila kitu, awe ameshika mwiko au mtoto, akajibanza nyuma ya kihenge mpaka mzee apite. Wakikaribiana njiani mama aliingia majanini akageuza mgongo. Sisi Wanyamwanga tuna heshima zetu, ila hii ya mama hata bibi aliona imezidi. Babu lakini aliipenda, alisema mke wa mwanawe kalelewa akaleleka. Wakitaka kusemezana walinitumia mimi. "Mwambie mama yako mboga ya leo ni tamu," babu anasema, na mama yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno. "Mwambie babu ahsante, kesho nitaweka karanga," mama anajibu, na babu naye kasikia. Nilikuwa nazunguka nyumba nzima kupeleka maneno ambayo yalishafika.

Baba nilikuwa simjui. Aliondoka nikiwa bado nanyonya, akapanda lori kwenda migodi ya shaba kule Rodesia ya Kaskazini, kama vijana wengi wa wakati ule. Mwanzoni lilikuja blanketi, ikaja sufuria, kikaja kitambaa cha maua. Halafu kimya. Wenzake waliorudi wakiulizwa walitazama chini, wakasema kule mtu hupotea, na kila aliyesikia alijua wanasema habari ya mwanamke. Basi wajomba zangu wakashuka kutoka Itumba, wakakaa na babu. Walisema dada yao si mjane wala si mke, na mvua zile zikiisha bila mume kuonekana, watamrudisha kwao. Habari ya ng'ombe wa mahari itazungumzwa. Mtoto atabaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba. Mtoto ndiye mimi. Mama aliyasikia yote akiwa nyuma ya ukuta, na tangu siku hiyo alilala amenishika kifundo cha mguu. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua tunachoogopa.

Ndipo akaja mpiga picha. Alitoka Mbeya na kamera yake ya miguu mitatu, anakwenda Abercorn, ambako siku hizi ni Mbala, na lori lao lilivunjika springi hapa kwetu. Kwa kukosa kazi akapiga duka, akapiga kanisa, akapiga gogo la mpakani. Bibi alipopata habari alifunga kanga upya akamfuata. "Mwanangu maneno hayamwingii," alisema. "Labda macho anayo. Nataka aione familia yake." Akamchinjia jogoo. Mpiga picha alikula akashiba, akasema filamu iliyobaki ni ya picha moja tu, kwa hiyo tujipange sawasawa.

Babu akavaa koti lake zito na kofia ya pama, akaketi katikati uani kama inavyompasa mwenye nyumba. Bibi akasimama kulia. Mimi nikawekwa mbele na kipara changu, maana nilikuwa na mapunye na bibi alikuwa amenyoa kichwa chote akakipaka dawa. Na mama? Mama yuko nyuma ya kihenge. Mpiga picha akamwita, hakutoka. Bibi akamfuata, nasi tukawasikia.

"Mama, nitasimamaje mbele ya mzee?" mama alisema. "Hata mume wangu akiiona hiyo picha atasema nimeota pembe."

"Na usipokuwemo ataona nini? Kipara cha mtoto?"

"Siwezi, mama. Miguu haiendi."

Mpiga picha hakuelewa lolote. Akashauri mama asimame kwa kugeuza mgongo. Bibi akamwuliza kama ameshawahi kuona mwanamume aliyerudishwa nyumbani na mgongo. Kule barabarani dereva wa lori akaanza kupiga honi. Mama akalia, na mimi nilipomsikia nikalia, nikiona kabisa mvua zinaisha na wajomba wanakuja.

Babu alikuwa bado kwenye kiti. Kumwambia mama neno hawezi, na safari hii hakunituma. Akakohoa, akasimama, akavua kofia akaiweka kwenye kiti, na fimbo akaiegemeza. "Nimewakumbuka mbuzi wangu," akasema. Mbuzi wenyewe walikuwa wamefungwa pale pale, wanatutazama.

"Mzee, picha bila mwenye nyumba ni picha gani?" mpiga picha akalalamika.

"Kofia inatosha," babu akasema. "Wananijua." Akazunguka nyumba akaenda zake.

Mama akatoka. Akajifuta uso kwa kanga, akasimama kushoto kwa kile kiti, akaitazama kamera moja kwa moja. Mpiga picha akatuonya tusicheke wala tusitikisike, nasi tukakaza nyuso.

Picha ilirudi kutoka Mbeya mkononi mwa dereva, na bibi akampa kijana wa jirani aliyekuwa anakwenda migodini, pamoja na maneno mengi ya kumwambia baba. Yule kijana akapelekwa mgodi mwingine, akampa mwenzake, na mwenzake akampa mwingine tena. Mwishowe picha ilimfikia baba, lakini maneno ya bibi yalikuwa yamebaki njiani zamani.

Sasa jiweke mahali pake. Kwetu mwenye nyumba akifa, kiti chake huwekwa uani, na kofia na fimbo yake juu, mpaka apatikane wa kumrithi. Wafiwa hunyolewa nywele. Baba akatazama: kiti, kofia, fimbo, mtoto kipara, mkewe na mamaye wamekunja nyuso. Babu alikuwa amewaza heshima yake tu alipoiacha ile kofia. Ya msiba hayakumjia kichwani.

Ilikuwa alasiri, tunaanika maharage. Tukasikia kilio cha mwanamume kikitokea barabarani, "Tata wee, tata wee," yaani anamlilia baba yake. Na unajua desturi yetu: kilio kikisikika unaitikia kwanza, aliyekufa utamwuliza baadaye. Bibi akaitikia. Jirani akatupa ungo akaitikia. Wanawake wakamiminika uani mikono kichwani, na yule mwanamume akaingia, akatupa sanduku lake, akajibwaga kwenye vumbi. Babu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye mtungi wake wa kimpumu. Akaja mbio na mrija mkononi, machozi tayari yanamtoka, analia kuliko wote.

"Nani ametuacha?" akauliza. "Jamani, ni nani?"

Baba akainua uso. Kelele zikakatika zote kwa pamoja.

"Mwanangu," babu akasema taratibu, "unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe, tata."

Babu akajifuta macho, akaketi kwenye kiti chake. "Haya endelea," akasema. "Nataka nisikie ulikuwa umepanga kusema nini."

Tulicheka mpaka jirani mmoja akashikwa na kichomi. Baba aliyekuwa chini alicheka akilia, na lugha yake ilikuwa imechanganyika na Kibemba, kila neno mukwai, mukwai, lile neno lao la heshima. Mama hakuwepo. Kwa kuwa babu alitoka mbio bila kukohoa, mama alikuwa amekimbilia nyuma ya kihenge na kanga mdomoni, na mimi nilipomfuata sikujua kama anacheka au analia. Babu akatazama huku na huku, akaelewa. Akakohoa, akamwambia bibi twende tukaone shamba, akawachukua na majirani wote. Shambani hakukuwa na cha kuona.

Baba alikuwa ameomba ruhusa ya kuja kuzika. Wa kumzika hakuwepo, siku za ruhusa zikaisha, lori likapita akalitazama tu. Kama kule aliacha mtu, hakusema, na mama hakuuliza. Wajomba waliposhuka mvua zilipoisha walimkuta juu ya paa anaezeka nyasi, wakaishia kumrushia nyasi. Nami usiku huo nililala miguu yangu ikiwa huru.

Leo pale kwetu pana nyumba ya wageni ya ghorofa, na pale uani malori yanangoja kuvuka, madereva wanapika chai kwenye majiko ya gesi. Wake za wanangu hukaa na mimi kochi moja, na mume wangu alipokuwa hai walimtania kama rika lao. Sisemi ni vibaya. Mama aliteseka na ile desturi, na nisingetaka binti yangu ajibanze nyuma ya kitu chochote. Lakini sijaona tena mtu akimwachia mwenzake nafasi kwa namna ile, bila neno na bila kungoja shukrani.

Picha nyingine ya babu haipo. Mpiga picha hakurudi, na mzee mwenyewe hakuhangaika. Alikufa kweli nikiwa msichana mkubwa, amezungukwa na watu wake wote. Tulipomlaza, bibi alikuja akamshika mama mkono, akamwambia sasa ameruhusiwa, aingie amuage. Mama akaingia polepole, kichwa ameinamisha kama alivyozoea. Bibi akafunua shuka. Mama akainua macho, akamtazama babu usoni, akatazama muda mrefu, mpaka watu wakaanza kuguna.

"Kumbe alikuwa hivi," akasema. "Miaka yote hii nilimjua kwa kikohozi tu."