Zamu ya Jumapili

Eduvigis Palmero alizaliwa kwenye mashamba ya tumbaku, magharibi ya Kuba, na huko ndiko alikotaka kuzeekea. Mumewe, Baltasar, alikuwa mtu mpole aliyevuka bahari ujanani kutoka Visiwa vya Kanari, ambako nako walitawala Wahispania. Vita vya uhuru vilipoanza, Baltasar alisema yeye upande wake ni tumbaku. Watu wa msituni, yaani wenzetu walioshika silaha, wakamchomea ghala. Wahispania nao wakatangaza kwamba kila aishiye shamba ahamie mjini, ndani ya seng'enge, na atakayekutwa nje bila kibali atapigwa risasi.

Ndivyo tulivyofika San Telesforo, tukajenga vibanda vya makuti kando ya handaki lililouzunguka mji. Chakula hakikuwepo. Watoto wakaanza kuvimba miguu. Siku Eduvigis alipomkuta Nieves, binti yao wa pekee, akilamba chokaa ya ukuta wa kanisa, Baltasar aliondoka bila kuaga, akarudi amevaa sare ya askari wa kujitolea wa Hispania. Kwapani ana mfuko wa mchele na kipande cha samaki mkavu.

"Usinitazame hivyo, mama Nieves," alisema. "Pika."

Akapika.

Kisimani wanawake walimrushia vijembe. "Mpisheni mke wa bwana mkubwa, asije akatuchongea!"

Aliyemtetea ni jirani yake, Hipólita, maana mumewe Toribio, mzaliwa wa hapa hapa, alivaa sare ile ile kwa njaa ile ile. "Semeni tu," aliwajibu. "Wali ukinukia jioni, mnajua kuja na bakuli!" Tangu hapo wawili hao wakawa wanapika chungu kimoja.

Siku moja Eduvigis alipata kibali, akaenda kuchimba viazi vitamu kwenye shamba lake la zamani. Kichakani akatokea Crescencio, baba wa ubatizo wa Nieves, ambaye sasa alikuwa kapteni wa watu wa msituni. Amekonda, viatu kavifunga kwa kamba.

"Mama Nieves, mwanangu mzima?"

"Mzima. Kwa mchele wa Mhispania."

Crescencio akatazama chini. "Tunaitaka ile ngome ndogo ya mtoni. Ina risasi, na vijana wangu wanapigana kwa mapanga. Baba Nieves analinda pale, na sitaki kumkuta. Niambie siku gani hayupo."

"Na atakayekuwepo?"

"Huyo kavaa sare mwenyewe."

"Na Baltasar kavalishwa na nani?"

Eduvigis aliendelea kuchimba. Alipoinuka alisema, "Jumapili asubuhi hayupo." Zamu ya Jumapili ilikuwa ya Toribio, na alilijua hilo.

Jumamosi alikwenda mlangoni kwa Hipólita, akaishia kuomba chumvi. Aliona kwamba akisema, Toribio atakwenda kutoa habari, na Crescencio na vijana wake wataingia mtegoni. Akarudi na chumvi yake.

Jumapili kulipopambazuka tulisikia milio, ikanyamaza kabla ya kengele ya misa. Toribio aliletwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Eduvigis ndiye aliyemwosha na kumfunga kidevu, Hipólita akiwa amemshika bega.

Vita vikaisha. Bendera ya Hispania ikashuka, ikapanda ya Wamarekani, ambayo hakuna kwetu aliyekuwa ameiomba. Crescencio aliingia mjini, akasimama uwanjani, akamwonyesha Eduvigis kwa kidole. "Mwanamke huyu ndiye aliyetufungulia ngome ya mtoni!" Watu wakashangilia, wale wa kisimani wakiwa wa kwanza. Hipólita alikuwepo, mtoto kiunoni.

Alasiri alikuja kibandani. Baltasar alikuwa amekaa anasuka kamba.

"Ulijua ni Toribio?"

"Nilijua si Baltasar."

"Sijakuuliza hilo."

"Nilijua, dada."

"Ungeniambia nimzuie tu, basi. Ningempa mafuta ya mbarika akaumwa tumbo kutwa nzima. Nisingeuliza sababu. Ningekuuliza sababu wewe?"

Hilo Eduvigis hakuwa amelifikiria hata kidogo.

Hipólita alipoondoka, Baltasar aliweka kamba chini. "Toribio aliniomba tubadilishane zamu ile," alisema. "Alitaka kwenda misa na mkewe. Nilikataa. Nilitaka kulala."

Eduvigis akakaa chini, pale pale kwenye mavumbi.

Hipólita alihamia kwa kaka yake Havana, wala hakuaga. Baltasar na Eduvigis walirudi shamba, wakapanda tumbaku, Nieves akakua akaolewa. Hawakugombana, tulioishi karibu nao hatukusikia kelele, lakini kicheko pia hatukukisikia. Kila sherehe ya uhuru ilipofika, vijana walimfuata Eduvigis akakae mbele pamoja na mashujaa. Aliwapa kahawa, akawauliza habari za mama zao, akawaambia miguu inamsumbua.